Mwaka Nilipoacha Kupungua

Tangu biashara na nchi za nje ilegezwe, kaka yangu alikuwa akienda India kufuata vitambaa na vipuri vya mashine. Ndiye aliyenipeleka huko kupunguzwa tumbo. Nilikuwa mjane mwenye duka la vitenge Chang'ombe ya Dodoma, na mwili ulinilemea hadi nikawa nalala nimeketi. Sukari ilipanda, magoti yaliuma, na daktari wa hapa mjini aliniambia wazi kwamba nikiendelea vile sitamwona binti yangu, aliyekuwa shule ya bweni, akimaliza masomo. Madaktari wa India walikata sehemu kubwa ya tumbo langu, wakaniachia kifuko chembamba. Nilirudi Dodoma na kovu, mizani ya kupimia uzito, na agizo la kaka: "Usimwambie mtu. Watakucheka."

Sikuogopa kuchekwa. Niliogopa mwaka wenyewe. Mvua ilikatika mapema, mtama ukakaukia shambani, na watu wa vijijini walikuwa wakija mjini kutafuta kibarua ili wapate debe la mahindi. Ningeanzaje kuwaambia nimepanda ndege kwenda kukatwa ili nisiweze kula?

Basi nikanyamaza, nikawa napungua mbele ya macho yao. Magauni yakaning'inia, mashavu yakaingia ndani. Miaka ile mtu akikonda, kila mtu alijua jina la ugonjwa wake bila kulitamka. Mume wangu alikufa kwa ajali ya lori, njia ya Morogoro, lakini sasa wakasema ajali ilikuwa ya kufichia aibu. Wateja waliozoea kuketi dukani kwa kahawa na kashata wakawa wananunua wamesimama. Kwenye harusi moja nilimega matonge machache ya pilau nikaacha, maana tumbo lilikuwa limejaa. Wanawake wa sinia langu wakatazamana. Shughuli iliyofuata nilikuta nimetengewa sahani yangu, pembeni. Sikwenda tena.

Kisha, kiangazi kikiwa kikali, nikaacha kupungua. Kila alfajiri baada ya sala nilipanda mizani, na mshale ulisimama palepale. Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Bado nilikuwa mzito, magoti bado yaliuma, na sikuwa na mtu wa kumuuliza nimekosea wapi.

Mtaa ulifurahi. Shoga yangu wa duka la jirani alikuja akaketi, akajimiminia kahawa katika kikombe changu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nirudi.

"Alhamdulillah, shoga yangu," alisema. "Naona sasa umetulia. Dawa zimekukubali."

"Dawa gani?"

"Aa, mimi sikuulizi."

Machozi yakanitoka. Akanishika mkono, akidhani nalia kwa furaha.

Baada ya hapo nikajibana zaidi. Chai asubuhi, chai jioni. Nilitembea hadi njia ya Mkonze na kurudi, jua likiwa halijakaza. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Asubuhi moja, nikiwa napima kitambaa, duka likazunguka. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, na juu yangu ameinama mama wa Kigogo aliyekuwa akiniletea maziwa kutoka Mkonze. Alinikokota hadi zahanati.

"Umekula nini leo?" nesi aliuliza.

"Chai."

"Na jana?"

"Chai."

Akaweka kalamu chini, akaningoja. Nikamweleza yote. Alikiri kwamba hajawahi kumwona mtu aliyekatwa hivyo, lakini akasema, "Mama, mwili haujui kama umeamua au ni njaa. Ukiubana, nao unabana. Kula mayai, maziwa, maharage, kidogo kidogo. Mizani iweke uvunguni. Kusimama si kushindwa."

Mama wa maziwa alikuwa kwenye benchi, amesikia kila neno. Tulipokuwa tukirudi akasimama katikati ya njia.

"Kwa hiyo ulikatwa?"

"Nilikatwa."

"Ili usile?"

"Ili nile kidogo."

Alicheka hadi akaikamata khanga isimdondoke. "Na sisi huko tunaomba mvua!" Halafu kicheko kikamwisha. "Huwa unakula na nani?"

"Peke yangu."

Tangu siku hiyo, akileta maziwa, aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka nimalize kikombe changu, hata kama ilichukua muda mrefu. Hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Mvua zilipoanza alikwenda shambani, na maziwa akawa anayaleta mtu mwingine, anayeyaacha mlangoni.

Mshale ulikuja kusogea masika hayo, kidogo, ukasimama tena. Safari hii sikujiadhibu.

Nilipopata nguvu nilimweleza shoga yangu ukweli, nikamwonyesha na kovu. Alilitazama, akaninyooshea gauni taratibu kama anayemfunika mgonjwa. "Kila mtu ana namna yake ya kuusema ugonjwa wake," alisema.

Jioni ile nilifunga duka mapema. Nyumba ya pili walikuwa na harusi, wanawake wanapita kwa vigelegele. Nilichemsha mayai mawili, nikaacha mlango wazi, nikala polepole.