Siku Niliyokaa Nyuma ya Gari Langu Mwenyewe

Siku hizi nikifika karibu na stendi ya Voi navuka nipite upande wa pili wa barabara, kwa sababu kuna vijana wa bodaboda pale ambao wakiniona tu huinua mikono na kupiga kelele "Mama, nisamehe!" halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nacheka nao maana nikikasirika ndio watanogewa. Kwa hivyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjaipata habari hii kwa watu ikiwa imeongezwa chumvi (ingawa sijui chumvi wangeiweka wapi, ilikuja ikiwa imekolea). Nilijiaibisha, tena mchana, tena nikiwa na suti.

Chanzo ni mafuta. Nina kigari kidogo, cha kunipeleka shuleni ninakofanya kazi, sokoni, kanisani na kurudi, na aliyeniuzia aliniapia kwamba gari hili halinywi petroli, linanusa tu. Na kweli mwanzoni lilikuwa likinusa. Baadaye likaanza kunywa, na nikashangaa, kwa sababu Voi ni mji wa kuzunguka ukamaliza, hakuna milima, hakuna foleni ya maana, sasa mafuta yanaenda wapi? Mimi nafanya kazi maabara ya shule, nawaandalia wanafunzi majaribio, na kazi hiyo imenifanya nisiweze kulala kitu kikitokea bila sababu. Mwingine angeenda kwa fundi. Mimi nikasema huyu ni mgonjwa wangu, nitamtibu mwenyewe.

Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, Mwende, nikachora mstari mwekundu kwenye kioo cha geji ya mafuta ili nijue mshale unashuka kwa kasi gani, kisha nikaanza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Nikajaza tairi upepo. Nikanunua plagi mpya, nikapuliza filta ya hewa mpaka nikakohoa vumbi jekundu. Nikahama kituo cha mafuta. Nikazima AC, na mnalijua joto la Voi, nilikuwa nafika kazini shati limelowa kama nimetoka kuvua, na bado mshale ulikuwa unashuka vilevile, hauna aibu. Ndipo nikamgeukia Mwende.

Mwende hufundisha chekechea, na tulikuwa tukilitumia gari kwa zamu. Nikamwambia, "Shida ni mguu wako. Ni mzito, unakanyaga mafuta kama unaua nge." Basi nikaanza kukaa na funguo mimi, naye akawa anatembea kwa miguu juani na mkoba wake wa vitabu, na kwa sababu hakubishana, mimi kwa ujinga nikadhani amekubali. Mshale nao ukaendelea kushuka bila yeye kuligusa gari, lakini nikajieleza kwamba pengine madhara ya mguu wake hayajaisha mwilini mwa gari (naam, nilifikiri hivyo, mtu mzima).

Jumamosi moja nikapata wazo la uzito. Gari jepesi hula kidogo, hilo halihitaji maabara. Nikatoa spea, nikatoa jeki, nikatoa mazulia, na nilipoona bado nina nguvu, nikachukua spana nikafungua kiti cha nyuma chote, nikakiweka stoo. Nyuma kukabaki bati tupu na vichwa vya bolti. Nilipanga kukirudisha asubuhi yake kabla ya kanisa, kwa sababu hiyo Jumapili haikuwa Jumapili ya kuchezea.

Ilikuwa siku ya mama mkwe. Mwende ni Mkamba, kwao ni Maungu, na tangu tuoane alikuwa amemwalika mama yake mara nyingi, na kila mara Mama alikuwa na sababu: mvua, mbuzi, goti. Ukweli ni kwamba kwa watu wao mama mkwe haingii kwa mkwe ovyo kama anayeenda kuomba kiberiti. Ana heshima yake, wao huiita nthoni: hamshikani mikono, hamkai bega kwa bega, hamtazamani machoni. Sasa alikuwa amekubali. Angekuja na akina mama wenzake kwa ibada ya pamoja hapa Voi, na baada ya ibada aje kwetu, ale, alale. Mwende alisugua nyumba wiki nzima mpaka kuta zikabadilika rangi. "Asipoingia kwangu safari hii," aliniambia, "sitamwita tena, nitajua hatakuja."

Mwende aliondoka mapema kwa miguu kwenda kusaidia kupika kanisani. Mimi nikashika spana, nikaenda kwenye gari, nikauangalia mshale. Ulikuwa umekaribia mstari lakini haujagusa. Nikajiambia, nikirudisha kiti sasa nitakuwa nimeharibu jaribio, acha niende safari moja tu, nyumbani mpaka kanisani na kurudi, nijue moja. Mama atakaa mbele. Kiti cha mbele si ndicho cha wakubwa? Nikarudisha spana mahali pake nikavaa suti.

Ibada ilikwisha vizuri. Nikasogeza gari mpaka karibu na mlango wa kanisa, akina mama wamejipanga na sare zao wamsindikize mwenzao, na mwenyekiti wao, Mama Wakio wa Mbololo, mwanamke ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti, akashika kikapu cha Mama chenye kuku wa zawadi, akafungua mlango wa nyuma. Akainama akachungulia, akainuka.

"Mwalimu," akasema (watu huniita mwalimu, nimeacha kuwasahihisha), "kiti kiko wapi?"

"Kiko nyumbani."

"Kinafanya nini nyumbani?"

Nikasema ukweli, kwamba nimepunguza uzito ili gari lisile mafuta. Akina mama wote wakaja kuchungulia, mmoja baada ya mwingine, kama wanaopita kuaga maiti, na kila aliyeinuka alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Mama mwenyewe alisimama pembeni akitazama paa la kanisa. Nikasema kwa uchangamfu wote niliokuwa nao, "Karibu mbele, Mama, hapa na mimi!" na leso zote zikashuka kutoka midomoni, mpaka nikasikia kuku wa Mama akijigeuza kikapuni.

Mwende akanivuta kando. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mama hawezi kukaa hapo wewe ukiendesha. Mkono wako wa gia utakuwa kwa goti lake. Unataka arudi Maungu?" Nikasema niite tuktuk. "Nimemwambia atabebwa na gari letu," akasema, na nikaona machozi yako karibu.

Mama Wakio ndiye aliyekata shauri. "Mwende ataendesha. Mama atakaa mbele na binti yake. Na mwalimu aliyetoa kiti, akae pale alipokitoa." Akina mama wakapiga vigelegele. Nikaingia.

Sijui kama mmewahi kukaa kwenye bati la gari mkiwa na suti. Magoti yalikuwa kidevuni, bolti ilikuwa imejipatia mahali makalioni kwangu, na kikapu cha kuku kilikuwa mapajani kwangu, kuku ananitazama kwa jicho moja. Tulipotoka tu langoni nikasikia injini inalia, na mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea: "Mguu, Mwende! Mguu!"

Shingo ya Mama iligeuka kidogo sana, haikufika kwangu.

"Gari ni nzito," Mwende akasema.

"Haiwezi kuwa nzito, nimetoa spea, nimetoa jeki, nimetoa—"

"Nakwambia ni nzito. Ni kama inavutwa nyuma."

Ningebisha zaidi, lakini nilisikia harufu, kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo, halafu nikasikia joto. Nikaweka kiganja kwenye bati la ubavuni, juu ya gurudumu, nikakitoa haraka. Nikajaribu upande wa pili, vilevile. Jamani, niseme ukweli, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha, kwa sababu joto ni nguvu, na nguvu hutoka kwa mafuta, na hatimaye nilikuwa nimeyashika mafuta yangu kwa mkono. La pili nililohisi ni kwamba katika gari hili tangi la petroli liko chini ya kiti cha nyuma, yaani chini yangu. Nikaangalia dirishani nikaona moshi.

"Simama! Mwende simama! Moto!"

Akasimama hapo hapo, na hapo hapo ni mbele ya stendi, Jumapili mchana, na dunia yote iko pale. Mwende akaruka nje, Mama akatoka na mwavuli wake. Mimi nikavuta kishikio cha mlango, hakifungui. Nikaenda upande wa pili na kuku wangu, hakifungui. Aliyekuwa na gari kabla yangu alikuwa amefunga ile kufuli ya watoto, inayozuia mlango kufunguliwa kwa ndani, na sikuwa najua kwa sababu sijawahi kukaa nyuma hata siku moja (abiria wangu wote walikuwa wakingoja niwafungulie, na mimi nikidhani ni heshima). Nikaanza kupiga kioo nikipiga na mayowe.

Aliyenifungulia ni Mama. Nilikuwa nimeusukuma mlango kwa bega na nguvu zangu zote, kwa hivyo ulipofunguka nilitoka kichwa kwanza, kuku akaenda zake upande wa vibanda vya tiketi, na mimi nikatua kwa magoti, nikashika kitu cha kwanza nilichokuta nisilale kifudifudi kabisa. Ilikuwa miguu ya mama mkwe wangu. Yote miwili.

"Mzee anaomba msamaha!" akapaza bodaboda mmoja. "Mama, msamehe!"

Niliiachia kama nimeshika makaa. Hakukuwa na moto, ulikuwa moshi tu wa magurudumu, na nilipojua hivyo, badala ya kwenda kujificha, nikaanza kuyagusa magurudumu yote manne kwa nyuma ya mkono. Ya mbele baridi. Ya nyuma yanachoma, yote mawili. Nikaingia chini ya gari na suti yangu, nikaomba spana kwa wale wale wa bodaboda, nikagongagonga kile kimkono kinachovutwa na waya wa handbreki, na baada ya kukataa sana kikarudi na mlio. Nikatoka, nikalisukuma gari kwa mkono mmoja, likateleza lenyewe. "Mwende, nimepata!" nikapiga kelele. "Ni handbreki! Imeshika siku zote hizi! Mtu ameivuta kwa nguvu mpaka waya haurudi!"

Mwende alikuwa amekunja mikono. "Na ni nani anayeivuta hivyo?"

Hapo nikakumbuka kwamba mimi nimejifunzia gari kwetu Mgange, huko juu milimani, ambako ukiacha gari bila handbreki utaenda kulichukua Mwatate. Mimi nikiegesha huvuta handbreki mpaka ilie, kisha naongeza kidogo. Nimefanya hivyo Voi, kwenye ardhi iliyo bapa kama meza, kila siku, na Mwende hata haigusi.

Gari la Maungu lilikuwa pale pale, makanga anaita abiria wa mwisho. Mama alilitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kanisani, akasema.

"Mwende. Muulize mume wako. Hayo mafuta yaliyokufanya utembee juani, yalikuwa yanaliwa na nani?"

Mwende akanigeukia, nami niko hatua mbili tu kutoka kwao. "Mama anauliza mafuta yalikuwa yanaliwa na nani."

Nikaelewa kwamba alikuwa amesikia habari za mguu zamani, na pengine ndiyo sababu alikuwa amekubali kuja. Nikatazama chini, nikasema nitaleta mbuzi wa faini kwa lile kosa la kumshika.

"Mwambie mbuzi atakuja siku yake. Leo nimeuliza."

Makanga akagonga bati la gari lake. Nikamtazama Mwende, vumbi la kutembea kwenda kanisani bado liko viatuni kwake, na nikaona aibu ambayo haikuhusu suti wala watu wa stendi. "Ni mimi," nikasema.

"Hajasikia," Mwende akasema, na masikio ya Mama hayana kasoro hata moja.

"Ni mimi! Ni mkono wangu! Mguu wa Mwende haukuwa na makosa, nilimsingizia, na anisamehe akitaka!"

Stendi ikashangilia. Kijana mmoja alileta kuku. Mama akajifunga leso yake upya, polepole, akalipa kisogo gari la Maungu, akaingia kwenye kile kiti cha mbele na kufunga mlango. Nikainama niingie nyuma kwenye bati langu.

"Mwende," nikasikia kutoka ndani, "mwambie huyo atembee. Gari iwe nyepesi."

Basi nilitembea, jua la saa nane, nikiwatazama wanavyoteleza mbele bila injini kulia. Nilipofika, ndala za Mama zilikuwa zimevuliwa mlangoni kwetu, na ndani Mwende alikuwa anacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. Sikuingia mara moja. Nilinawa mikono bombani, nikanawa tena, na nikaapa hapo hapo kwamba kitu chochote cha nyumba hii kikiharibika, mtu wa kwanza kuchunguzwa nitakuwa mimi, na handbreki ya lile gari atavuta Mwende.