Mlango wa Mama Scola

Sylvanus, muuza mchele wa sokoni Mpanda, alikuwa mtu mwenye busara zake katika mambo yote isipokuwa gari. Wenzake walinunua Toyota, gari ambalo spea zake utazikuta hata jirani na genge la nyanya. Yeye akaenda kununua Benzi ya zamani, ya dizeli, rangi ya maziwa yaliyochacha, kutoka kwa mstaafu mmoja aliyekuwa anahamia Dodoma.

Aliliendesha kila siku ya Mungu. Alikwenda nalo Litapunga kufuata mpunga, Kabungu kufuata mahindi, na mvua ikigeuza barabara kuwa tope alishuka akalisukuma kwa bega, shati lake la sokoni likiwa mwilini. Kiti cha nyuma alikwisha kukitoa ili magunia yapate nafasi. Rejeta ilikuwa ya kuungaunga, bomba la moshi lilikuwa limechomelewa mpaka likapoteza umbo, na shokabu za nyuma zilitoka kwenye gari la ukoo mwingine kabisa. Ukimcheka, alikujibu kwamba gari la Mjerumani haliharibiki, linachoka tu, na kuchoka si kufa. Apendaye, chongo huita kengeza.

Mlango mmoja tu ndio uliomshinda, wa kushoto mbele, mlango wa abiria. Kitasa kilivunjikia ndani, ukawa haufunguki kwa nje wala kwa ndani. Kwa hiyo mkewe Marsela, ambaye sokoni wote walimwita Mama Scola kwa jina la binti yao, alipandia mlango wa dereva. Sylvanus alishuka kwanza, akaushika mlango kama askari wa getini. Mama Scola, ambaye mwili haukumnyima, aliinua kitenge kidogo, akapita chini ya usukani, akavuka gia, akajitupa kwenye kiti chake huku akicheka. Watu waliacha kupima mchele ili waangalie. Angeweza kukaa nyuma kwenye magunia kupitia milango ya nyuma, ambayo ilikuwa mizima, lakini hakutaka.

"Nyuma nilishakaa siku ya baiskeli," alikuwa akisema.

Siku ya baiskeli ilikuwa hadithi ya nyumba ile. Walipokuwa vijana kule Mpimbwe, Sylvanus alimtorosha Marsela. Alimpakia kwenye keria, akampeleka kwao. Baba yake Marsela alipopata habari hakupiga mtu wala hakutukana. Alisema tu kwamba mwanawe amebebwa nyuma ya baiskeli kama gunia la mpunga. Baadaye wakapatana, wajukuu wakazaliwa, mzee akafa akiwa na amani na mkwewe. Lakini neno lile lilimkaa Sylvanus kooni kama mwiba wa samaki. Aliapa kwamba siku watakapobariki ndoa yao kanisani, Marsela atakwenda mchana kweupe, amekaa mbele, ndani ya gari la heshima, na atashuka kwa mlango wake mwenyewe.

Maana ndoa hiyo ya kanisani hawakuwa nayo, na asiye na ndoa akaishi na mtu hapokei Komunyo. Mama Scola alifagia kanisa. Aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na mgonjwa yeyote wa jumuiya yao alijua ladha ya uji wake. Lakini kila Jumapili watu waliposimama kwenda kupokea, yeye alibaki kwenye benchi, akiyapinda magoti kando ili wenzake wapite. Hakulalamika. Alikuwa tu kimya njia nzima ya kurudi nyumbani. Sylvanus, aliyeweza kusikia nati moja iliyolegea ndani ya injini ile, kimya kile hakukisikia.

Mwaka huu wakaazimia. Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani, hakuna aliyepinga, na nani angepinga? Scola alileta kitambaa cheupe, gauni likashonwa. Kikabaki kitasa. Fundi wake, Pontien, alikitafuta Mpanda yote, akapiga simu Tabora, akatuma picha mpaka Dar es Salaam. Kikaja kimoja kwa basi, na kumbe ni cha mlango wa kulia. Siku zilipokaribia Pontien akatoa shauri. Watoboe mlango, wafunge komeo la kawaida, lile la mlango wa nyumba, likae siku ile tu harusi ipite.

Sylvanus alikasirika kweli. Alisema mke wake hatatoka kwenye banda la kuku. Akaagiza kitasa kingine, kisha akaenda parokiani kuomba ndoa isogezwe mpaka baada ya mavuno.

Alimpa mkewe habari hizo akiwa anapepeta mchele. Mama Scola aliendelea kupepeta kidogo, halafu akaweka ungo chini.

"Baba Scola, mimi ntapita mlango wako kama siku zote," alisema. "Au twende kwa miguu. Kanisa lenyewe si hapo tu."

Sylvanus akamjibu kwamba haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo. Mimi sitaki mlango, mume wangu. Nataka kupokea."

Mtu akiambiwa hivyo akasikia, anaacha kila kitu anakwenda kumgongea padri. Sylvanus alisikia mlango tu. Ukitaka kumkasirikia, mkasirikie hapa hapa, kwa sababu mbele huko hutaweza.

Mpunga ulikuwa umeanza kuingia ghalani Mama Scola alipoanguka. Ilikuwa asubuhi, anachochea moto wa chai. Walimkuta mdomo umekwenda upande, mkono na mguu havina kazi. Benzi, lililozoea kubembelezwa kila asubuhi, siku hiyo liliwaka mara moja. Majirani wakamleta wamembeba. Na Sylvanus alikuwa amesimama pale pale pa siku zote, ameushika mlango wa dereva, ameufungua mpaka mwisho, anamngoja avuke.

Jirani mmoja akamgusa bega. "Baba Scola, hawezi kuvuka."

Wakamlaza nyuma, juu ya mkeka, penye makapi ya magunia ya jana. Sylvanus akaendesha. Kwenye kioo hakumwona, maana alikuwa chini mno. Alimwita kwa jina lake la ujana, Marsela, naye akaitika kwa kuguna. Akamwita tena, akaguna. Karibu na hospitali alimwita akasikia injini peke yake, na kwa mara ya kwanza maishani aliuchukia mlio ule. Ndipo neno la mkwewe lilipomrudia lote. Alikuwa amemchukua nyuma ya baiskeli, na sasa alikuwa anampeleka nyuma ya gari, kama gunia la mpunga.

Mama Scola aliishi mpaka kesho yake. Paroko alikuwa safarini, anazungukia vigango vya mbali, na simu yake haikupatikana. Alikuja katekista Fredrick, mtu mpole, akasali ameushika mkono wake ulio mzima. Mama Scola hakuweza kusema. Alimtazama Fredrick, akaitazama mikono yake iliyokuja mitupu, bila Komunyo, chozi likamtoka jicho moja. Sylvanus aliliona chozi hilo. Hakuhitaji kuelezwa.

Paroko alirudi akamsomea Misa ya mazishi, marehemu akiwa amevalishwa gauni lake jeupe. Watu waliposimama kwenda kupokea, walipita kando ya jeneza, mmoja mmoja. Sylvanus alibaki kwenye benchi, akayapinda magoti ili wapite.

Kitasa kiliwasili kwa basi watu walipokuwa wamekwisha kutawanyika msibani. Kilikuwa chenyewe hasa, cha kushoto. Pontien alikuja akakifunga, akaujaribu mlango, ukafunguka kwa kidole kimoja. Akaufunga taratibu, akasema, "Pole, mzee," akakusanya spana zake akaondoka bila kungoja chai.

Siku chache baadaye Fredrick akapita nyumbani. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alidhani analeta faraja. Alimweleza Sylvanus kwamba sasa hakuna tena kizuizi, aungame tu, na Jumapili anaweza kupokea.

Sylvanus alimtazama. "Kizuizi," alisema. "Kumbe kizuizi kilikuwa yeye."

Fredrick akainama.

Jumapili ilipofika Sylvanus alivaa suti ya harusi, akaendesha Benzi mpaka mbele ya kanisa, pale pale alipokuwa amepanga kulisimamisha siku ya harusi. Alishuka. Na mkono wake, ambao haukuwa umepata habari za msiba, ukabaki umeushika mlango wa dereva, unangoja mtu apite.

Alisimama hivyo mpaka akajiona. Kisha akafanya jambo ambalo miaka yote hakuwahi kulifanya. Akapita njia ya mkewe. Alijikunja chini ya usukani, goti likagonga gia, suruali ikanasa, mgongo ukamlilia, na alipofika kwenye kiti cha kushoto alikuwa anahema. Akakaa pale, Misa ikiendelea ndani. Alikumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akipita hapo, mwili ule, na kitenge, na watu wanatazama, kila siku, anacheka. Hakujua kwamba palikuwa pagumu hivyo. Hakuwahi kumuuliza.

Ndani kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa Komunyo. Sylvanus akashika mkono wa mlango, mlango ukafunguka. Akashuka kwa upande wa bibi harusi, akaushikilia mlango wazi, akalia mbele ya kanisa mpaka wimbo ukaisha.