Foleni Moja na Mama Mkwe

Mafundi wenzake walimwita Pima Tena, kwa sababu hakuwahi kukata kigae kabla hajakipima upya, huku wengine wakisubiri na kusonya. Kazi yake ilikuwa kupanga vigae: mabafu, majiko, kumbi, ngazi za maofisi. Ni kazi ya magoti. Ukiingia nyumba aliyoipita yeye huoni kitu, na hiyo ndiyo sifa yake. Maji hayatuami, mistari haipindi. Mwenyewe, alipovuka arobaini, alikuwa anatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Kwa hiyo alipoanza kuchoka hakuna aliyeshangaa. Mkewe, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu barazani kwao, alisema ni vumbi la saruji. Msimamizi wa jengo alisema ni uzee unabisha hodi. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu pacha wao wazaliwe, alitazama tu jinsi mkanda wa suruali ulivyotobolewa tundu jipya kwa msumari, akageuza macho.

Homa zilikuja na kuondoka. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akameza, akarudi kupiga magoti. Mdomoni alitoka vidonda, akaacha kula pilipili, mambo yakaishia hapo.

Siku moja wahudumu wawili wa afya walifika kwenye jengo wakati wa chakula cha mchana. Walisema wanaume mnatukimbia hospitalini, ndiyo maana tumewafuata huku. Wakagawa vipakiti vidogo vya kipimo cha virusi vya UKIMWI, kile cha kusugua ufizi, mtu anajipima mwenyewe anapotaka. Watu wakacheka, mmoja akauliza kama kinaweza pia kumpima msimamizi roho yake. Pima Tena alicheka na wenzake, akakitia chake kwenye mfuko wa vifaa, chini ya mwiko. Kikakaa humo wiki nyingi.

Kisha ikaja siku aliyoshindwa kunyanyuka. Alikuwa kwenye bafu la ghorofa ya juu, amemaliza kona ya mwisho, akashika ukingo wa sinki ajivute, mikono ikakataa. Alikaa chini palepale. Wenzake walikuwa wameshuka kula, sauti zao zinasikika mbali. Akautazama mfuko wa vifaa, akauvuta.

Maelezo yalikuwa ya picha, kama ya watoto: mstari mmoja huna virusi, miwili unavyo. Alisugua ufizi wa juu, akasugua wa chini, akatumbukiza kijiti kwenye kichupa cha maji, akakisimamisha ukutani na kusubiri muda walioandika. Mstari wa kwanza ulitokea wazi. Wa pili ulikuja polepole, hafifu, kama alama ya penseli iliyofutwa vibaya. Alikigeuzia mwanga wa dirishani akitumaini ni kivuli. Mtu aliyeishi kwa kutazama mistari hadanganyiki na kivuli.

Alichohisi ni uchovu tu, kama mtu aliyetua gunia akaambiwa alibebe tena, safari hii bila kuambiwa wapi. Alikisokomeza kipimo ndani ya mfuko mtupu wa gundi ya vigae, akapiga magoti, akaendelea.

Nyumbani alimwambia mkewe mgongo unamsumbua, akahamia kwenye mkeka wa sebuleni. Mkewe hakuuliza sana, akabaki na yake moyoni. Na Pima Tena, ambaye hakuvumilia kigae kilichozidi kwa unene wa ukucha, aliliacha jambo hili likae hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa.

Kliniki ya jirani ilikuwa na mabenchi yanayotazama barabara, na barabara hiyo ndiyo waliyopita wateja wote wa cherehani. Akachagua nyingine, upande wa pili wa mji, ya kubadilisha magari. Alimuaga msimamizi kwamba amefiwa. Alipofika, foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Akakaa mwisho wa benchi, kofia imeshuka machoni, anatazama miguu ya watu.

Miguu ya jirani yake ilivaa ndala anazozijua. Mkanda mmoja ulikuwa umegandishwa kwa gundi ya vigae, na aliyeugandisha ni yeye. Akainua macho taratibu. Ni mama mkwe, mtu ambaye hata kukohoa mbele yake alikohoa kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema, maana hakuna kingine kilichomjia.

"Marahaba."

Mtu akaitwa dirishani, wote wakasogea.

"Umekuja kuchukua au kuanza?" mama mkwe akauliza, macho mbele.

"Kuanza, nadhani. Nilijipima mwenyewe."

"Basi kaa vizuri. Ukisimama ovyo hapa unapitwa."

Kila mara alipotoka, mama huyu aliaga nyumbani kwamba anakwenda kumwona dada yake mgonjwa. Pima Tena alianza kuuliza habari za dada huyo. Mama mkwe akamwokoa. "Yule dada mgonjwa ni mimi," alisema. "Na siumwi. Nameza dawa tu, tangu mke wako hajaolewa."

Muuguzi aliyempokea alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimweleza kwamba kipimo cha kujipima ni mwanzo tu, hakitoshi kumpa mtu dawa, hivyo lazima wapime tena. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na muuguzi hakuelewa kwa nini. Damu ilisema yaleyale. Akaelezwa kuwa atameza kidonge kila siku bila kuruka. Kwamba virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye vipimo, hatamwambukiza mkewe. Na kwamba mke naye apimwe, mapema.

Dawa zenyewe zilikuwa shughuli nyingine. Aliyeshika ufunguo wa chumba cha dawa alikuwa ameitwa mkutanoni. Walisubiri hadi jua likahama upande wa pili wa jengo. Mwishowe fundi alipewa za wiki mbili tu, arudi aonekane anaendeleaje. Alieleza kwamba kazi yake ni ya siku, asiyefika leo kesho anakuta mwingine amepiga magoti mahali pake. Muuguzi akasema safari hii ya kwanza ya kurudi hana namna, lazima aje mwenyewe, ila baadaye mtu wake wa karibu anaweza kumchukulia.

"Niandikeni mimi," mama mkwe akasema kutoka mlangoni. "Njia naijua."

Kituoni, wakisubiri gari, ndipo mama mkwe alipomweleza. Ugonjwa aliupata kwa mumewe. Binti yao aliambiwa baba amekufa kwa mapafu, maana alimpenda baba yake kupita kiasi, na mama hakuwa na nguvu ya kumvunjia hilo. "Sasa nitalivunja," alisema. "Akikuona wewe peke yako ataona kaburi. Akiniona mimi ataona mtu anayepika na kugomba kila siku."

Walizungumza na mke Jumapili mchana, pacha wakiwa wametumwa kwa shangazi yao. Pima Tena alianza. Mama akayachukua mazungumzo, akaanzia kwake mwenyewe, kwa baba. Mke aliendelea kukanyaga cherehani ingawa kitambaa kilikuwa kimeshapita, sindano ikishona hewa. Kisha akaiachia.

"Mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto," alisema taratibu, "tunakula sahani moja, na katikati nimekaa mimi kama mgeni."

Akamuuliza mumewe aliupata wapi. Naye akamwambia: ni kule kwenye kazi ya mbali, alikokaa muda mrefu, kulikuwa na mwanamke. Hakutafuta sababu. Mkewe aliitikia kwa kichwa mara moja kama anayepokea vipimo vya mteja. Chozi lilipomtoka halikuwa la mume, lilikuwa la baba yake.

Alijipima palepale, kwa kipimo ambacho mama alikileta kutoka kliniki. Mstari mmoja. Kliniki nao wakapima, wakampa dawa za kinga huku za mumewe zikianza kazi, na wakamtaka arudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi, mstari ukawa mmoja vilevile.

Mwili wa Pima Tena ulirudi kidogokidogo. Uchovu mwingine haukuondoka: wa kutafuta udhuru kazini, wa kukumbuka kidonge, wa kuishi na mke anayejibu kwa neno moja. Alirudi kitandani pale mkewe alipoacha mto wa pili, bila maelezo. Picha ya baba ilishushwa ukutani na haijarudi.

Mama mkwe aliendelea kuchukua dawa zake na za mkwewe, hadi asubuhi moja miguu ikamvimba. Binti yake akafunika cherehani, akauliza gari ni lipi, akaenda. Alirejea jioni, akaweka makopo mawili ya dawa mezani, akavua viatu kwa kuvisukuma na vidole.

"Kile kibenchi kinaumiza," alisema. "Nipe maji, Baba Pacha."

Akampa. Alikunywa yote bila kupumzika, akafumba macho.