Leyeti chini ya kitanda

Nikiri kwanza: nguo za mtoto wangu wa kwanza nilizianika chini ya kitanda, katikati ya mvua, madirisha yote yamefungwa. Mimi niliyemaliza sekondari, niliyepata alama nzuri kwenye biolojia!

Shangazi yangu ndiye aliyepiga simu kutoka Kasomeno. Leyeti, yaani vishati, nepi na soseti za miguuni za mtoto, haionyeshwi watu kabla ya kuzaa. "Usianike ku kamba," akaniambia. "Bantu beko na macho." Nilimcheka sana. Nilipokata simu, nikamkumbuka mama jirani wa nyuma ya ukuta, nikafanya kama alivyosema.

Kukaa ndani hakukunisumbua. Hata bila mimba mimi si mtu wa kutoka. Lakini hizo wiki za mwisho, anayezisifu hajazibeba. Miguu ilivimba mpaka kandambili za bwana wangu zikanibana. Nikitoka chooni, kabla sijakaa, nimeshataka kurudi. Bukari, ugali wetu, kidogo tu, kiungulia hadi shingoni. Tumbo liliposhuka nikapumua vizuri, ila nikaanza kutembea kama bata.

Mara mbili uchungu ulinishika, nikakimbilia materinite, hospitali ya wazazi, nikilia. Mara mbili mkunga akanirudisha nyumbani.

"Hii ni ya uongo, mama. Ya kweli haiishake ukitembea, inaongeza tu. Lakini maji ikitoka, ao damu, ao mutoto akiacha kucheza, usingoje hata kidogo."

Nilirudi nimenuna, kama mtu aliyealikwa karamu akakuta mlango umefungwa.

Na kila siku nilipiga magoti kugeuza vile vishati. Havikauki. Nikavihamishia jikoni, juu ya mbabula, jiko la makala, yaani mkaa. Vikakauka nusu, vikanuka moshi kabisa. Nikavikunja, nikafunga valizi, sanduku la kwenda nalo kuzaa, nikajisifu.

Asubuhi moja, naosha sahani, maji ya mtoto yakanitiririka miguuni. Bwana, shujaa wa kuangalia mpira, akafungua valizi kuhakikisha. Akarudisha kichwa nyuma.

"Bibi, huyu mutoto anakuja kuzaliwa ao kuuza makala?"

Kila kishati kilikuwa na madoa meusi ya kuvu. Nikalia. Uchungu ningeuvumilia, lakini mtoto wangu angevishwa nini? Hatukuwa na kitambaa kingine kisafi hata kimoja, na bwana amesimama tu na valizi mkononi, anaipepea.

Kilio kikavuka ukuta. Jirani akaingia bila hodi, yule yule ambaye macho yake nilikuwa nayaogopa miezi yote ile. Akanusa, akatoka. Aliporudi alikuwa na mfuko wa nguo za kitinda mimba wake: nyeupe, kavu, zinanukia sabuni na jua.

"Mama," nikaanza kujitetea, "sikutaka bantu bajue..."

Akanifunga kitenge kiunoni, akavuta kwa nguvu.

"Tumbo yako inafikaka ku mulango mbele ya weye mwenyewe, na uko unatuficha soseti? Lamuka, twende!"