Ndugu Wanne wa Kioko

Msiniambie nilikuwa naota. Mume wangu ameshasema hivyo, na nesi alinipa karatasi yenye maswali kama nalala vizuri. Nilikuwa nalala vizuri! Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, saa kumi na moja jioni, nimevaa koti na buti, nikiwa na akili zangu zote.

Tunaishi mji wa Hopkins, huku Marekani, kwenye yale majengo ya zamani. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kwenye shifti zangu za kutunza wazee, na mwanangu Kioko, wa miezi mitano, nikawa namwacha kwa jirani wa mlango wa pili. Ni mama wa kutoka Bali, kule Indonesia. Kifungua mimba wake anaitwa Wayan, basi mimi nikamwita Mama Wayan, naye akaniita Mama Kioko. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa kinachechemea, lakini tulielewana. Ujanani alikuwa akicheza ngoma za hekaluni kwao. Mtoto akilia, hakumwimbia. Alituliza kichwa, akaruhusu macho tu yacheze, kulia, kushoto, kulia, na Kioko alicheka mpaka pumzi ikamkwama.

Kila asubuhi aliweka mlangoni kijisahani chenye maua na chembe za wali, sadaka ya dini yao. Kwao hukisuka kwa majani ya mnazi. Hapa alitumia maganda ya mahindi kutoka duka la Wameksiko. Mimi nimeokoka, lakini nilinyamaza. Mtu anakulelea mtoto vizuri hivyo, utasema nini?

Siku moja nilirudi mapema. Nikiwa koridoni nikasikia watoto wakicheka mle ndani, na hawakuwa mmoja wala wawili. Nikaingia nimewaka.

“Mama Wayan, siku hizi unalea watoto wa jengo zima?”

“Ni wako.”

“Wangu ni mmoja!”

“Watano,” akasema, hata sauti hakuinua. “Yeye na ndugu zake wanne.”

Chumbani mlikuwa na yeye na Kioko tu. Kioko amelala chali kwenye blanketi, macho yakienda pembe hii, pembe ile, pembe zote nne, akicheka na kila moja.

Akanieleza. Kwao mtoto hazaliwi peke yake. Anakuja na maji, damu, ule utando mweupe wa ngozini na kondo la nyuma, na hao ndio ndugu zake. Wakikumbukwa, humlinda mpaka kufa. Kondo huzikwa karibu na mlango wa nyumba, na mama akinyonyesha huwadondoshea nao tone la maziwa.

“Kondo lake mlizika wapi?” akaniuliza.

Ningejua wapi? Hospitali ililichukua. Hata nyanya yangu kule Kitui alizika makondo ya wanawe, lakini siku ile nani alikumbuka?

Nikamsimulia Mama Joy wa kikundi chetu cha maombi. Alitoka kwake Inver Grove Heights, upande wa pili wa jiji, siku hiyo hiyo na chupa ya mafuta ya upako.

“Wanne! Na wewe umekaa tu, unataka uwapikie chai?” Akacheka, kisha akakunja uso. “Hayo ni mapepo, dada. Kemea.”

Nikakemea. Niaminini, nilikemea kumshinda. Nilipaka mafuta kila dirisha, nikafungua mlango, nikawaambia watoke na wasirudi tena. Baridi ikaingia hadi kwenye mifupa. Nikafunga.

Kioko hakulia. Hakucheka pia. Siku ya tatu aliacha kunyonya. Macho yake yakasimama mahali pamoja, mlangoni. Daktari alipima kila kitu, akasema haoni kitu. Siku ya tano nilimwekea kidole kiganjani, hakukifumbata. Hapo nikajua mwanangu ananiponyoka.

Nikampeleka kwa Mama Wayan. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma. Aliuliza tu, “Uliwaambia nini?” Nilipomwambia, akanionyesha mlango wa nje. “Basi kawaite.”

Nilimfunga mtoto kifuani ndani ya koti nikateremka paking ya nyuma. Majira ya baridi saa hizo giza limeshaingia. Na walikuwapo. Watoto wanne wadogo, wamesimama kwenye theluji katikati ya magari, bila viatu, bila nyayo nyuma yao. Ningependa kuwaambia kwamba walitisha. Hawakutisha. Wote walikuwa na uso wa Kioko, uso wa mtoto aliyefungiwa nje huku mama yake anasikia.

Ningefanya nini? Nikemee tena? Nilifungua koti, nikakamua tone la maziwa likaanguka kwenye theluji.

“Rudini,” nikasema kwa Kikamba, maana lugha yao siijui. “Mama alikosea.”

Wa kwanza akapita karibu na goti langu. Wa pili. Wa tatu. Sikusikia hatua. Wa nne akabaki ananitazama. Nikamwita. Nilimwita mpaka vidole vikafa ganzi. Akageuka, akaelekea barabarani, asionekane tena.

Tukiwa bado kwenye ngazi, Kioko akaanza kutafuta ziwa.

Sasa ana miaka miwili, mzima, mtundu. Mama Joy hutoa ushuhuda kanisani kwamba mafuta yake ndiyo yaliyomponya. Simu zake sipokei. Nimfanye nini? Na mimi mwenyewe nijifanye nini?

Kioko akicheka, macho yake huenda pembe tatu. Ya nne, ile ya kushoto, hayaendi. Kushoto ndiko anakojigonga, ndiko anakoangukia. Makovu yake yote yako upande huo. Kwa hiyo popote tuendapo, dukani, barabarani, kwenye barafu, natembea kushoto kwake.

Basi wewe unayenyonyesha, atakapokuja mtu na chupa yake kukuambia ukemee, uliza kwanza wanaofukuzwa ni nani kwa mtoto wako. Mimi sikuuliza. Niliyemfukuza angemlinda mwanangu mpaka uzee wake. Mimi sitafika huko.