Mkono Uliofika Sikioni

Harufu ya nguo mpya ya shule haijawahi kunipendeza. Wenzangu wanaisifu, wengine wanaipeleka puani kabisa na kufumba macho, lakini mimi ile harufu ya kitambaa kilichotoka dukani, kikavu, kisichojua maji, inanifanya nigeuze uso. Wiki hii mume wangu amerudi kutoka sokoni hapa Mpanda na gauni dogo la bluu lenye kola nyeupe, akalitundika kwenye msumari pale sebuleni. Ni la binti yetu Neema, ambaye bado hajafikisha miaka minne. Kuna chekechea imefunguliwa mtaa wa pili na inapokea hata wadogo wa umri huo. Baba mtu anasema aanze. Mimi sijasema aanze wala asianze. Napita pale sebuleni nimebana pumzi, na leo nimeona niwasimulie nyie kisa chenyewe, maana mume wangu nikimweleza ananiambia nina mambo ya ajabu.

Mimi nimezaliwa Kasansa, na kwetu maisha ni mpunga. Mvua zikishashika, kila familia inagawanyika. Wenye nguvu wanahamia mbugani kwenye majaruba, wanajenga vibanda vya nyasi na kukaa huko tangu kupandikiza miche mpaka kuvuna. Wanafunzi wanabaki kijijini na bibi zao kwa sababu ya masomo. Wadogo ambao hawajaanza kusoma wanaenda na mama zao. Utaratibu ulikuwa huo, na hakuna aliyeuliza nani aliuweka. Dada yangu Oliva, aliyekuwa darasa la tatu, alikuwa wa kubaki. Mimi nilikuwa wa kwenda.

Na jamani, kwenda nilikupenda! Mbugani hakuna wa kukukumbusha kuoga, unashinda kwenye matope yenye uvuguvugu mpaka magoti yanakauka na kupasuka. Jioni baba anachoma kambale walionaswa kwenye majaruba, moshi unanukia mpaka kibanda cha jirani, nao wanakuja kusalimia kumbe wamefuata samaki. Kazi yangu mimi ilikuwa kugonga debe na kupiga makelele ndege wakitua kwenye mpunga. Mtoto unaruhusiwa kupiga kelele kutwa nzima na watu wazima wanakushukuru, wapi tena utapata kazi kama hiyo? Usiku nililala na mama chini ya chandarua, nimeshika pindo la kanga yake. Nisiposhika hilo pindo silali, na yeye alijua, hata akigeuka alinirudishia mkononi.

Mwaka ninaousema, mama alikuwa na kichanga, mdogo wangu Patriki. Ndipo maneno yalipoanza. Baba alisema haiwezekani, mmoja mgongoni na mwingine anahitaji kuangaliwa asitumbukie kwenye mfereji, sasa miche itapandikizwa na nani? Alitaka nianze mapema chekechea ya pale kigangoni, kwenye kanisa la kijiji, nibaki kwa Bibi. Mama akasema bado mdogo. Bibi, yaani mama yake baba, alisema miguu yake imechoka lakini mjukuu hawezi kumkataa. Walilizungumza hilo wakipukuchua mahindi, nimekaa katikati yao nachezea magunzi, na hakuna hata mmoja aliyenitupia jicho. Walinizungumzia kama vile wanazungumzia mbuzi ambaye hawajaamua wamfunge wapi.

"Huyu akilala bila mimi atakesha analia," mama alisema.

"Atazoea," baba akamjibu. "Watoto wote wanazoea."

Mwalimu Sesilia wa chekechea naye hakuwataka wadogo. Mwaka uliotangulia aliwahi kumpokea mmoja, akawa analala darasani na kulowesha mkeka mpaka wenzake wanakosa pa kukaa. Kwa hiyo baba alipomwendea, alimjibu kwa kifupi tu: "Mleteni. Sikio litatuambia."

Wale mliokulia bara mnalijua hilo sikio. Mtoto anasimamishwa wima, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, basi amefikia umri wa shule. Visipogusa, anarudi nyumbani akanywe uji. Kwetu wakati ule watoto wengi hatukuwa na cheti cha kuzaliwa, na hata waliokuwa nacho walipimwa sikio vilevile, kwa sababu karatasi unaweza kuitilia shaka lakini mkono unauona.

Mama aliposikia nitapimwa sikio, alishusha pumzi kabisa. Alijua mtoto wa umri wangu mkono unaishia utosini. Siku hiyohiyo alianza kufunga vitu vya kwenda mbugani, na kikombe changu cha bati alikitia kwenye kikapu chake. Ambacho hakukijua ni kwamba mimi na Oliva tulikuwa na mchezo wetu. Tangu kiangazi Oliva alikuwa ananipima nyuma ya jiko, kila siku, kwa ushindani tu wa watoto. Akanionyesha unavyolaza shingo kidogo, unavyosukuma bega juu, unavyonyoosha vidole mpaka kwapa linauma. Halafu mimi kichwa changu ni kidogo, hadi leo kofia zinanizama mpaka kwenye nyusi. Mikono nayo ilikuwa mirefu. Nikawa nafika.

Tukaenda kigangoni, sote. Mwalimu Sesilia alinisimamisha barazani, nikapandisha mkono, nikalishika sikio. Sikuligusa tu, nililishika na kulivuta ili waone vizuri.

"Simama wima, mama," Mwalimu akaniambia. "Usilaze shingo. Haya, rudia."

Nikarudia. Nikalishika tena, safari hii kwa ncha za vidole, lakini nililishika. Oliva akapiga makofi. Baba akacheka kwa sauti. Mimi nikamgeukia mama nimpe nafasi ya kunisifu, nikamwona amesimama na Patriki mgongoni, anamtazama Mwalimu.

"Mwalimu, huyu kazaliwa juzi tu," alisema.

"Mama Oliva, si umeona mwenyewe? Sikio hilo hapo. Sasa mimi nifanyeje?"

Kweli, angefanyaje? Kama sikio lingegoma, ni yeye Mwalimu ambaye angenirudisha, na baba asingekuwa na la kusema. Sasa lilikuwa limekubali, na mama ndiye asiyekuwa na la kusema. Njiani nilimuuliza, "Mama, nimeshinda?" Akanijibu, "Umeshinda, mwanangu." Nilirudi nikirukaruka. Hakuna mtu aliyenieleza kwamba mkono ukifika sikioni, kwenye kile kikapu cha mama kikombe changu kinatolewa.

Nilianza chekechea siku ya Jumatatu, nimevaa gauni lililoshonwa kubwa ili nilivae miaka mingi, linanuka duka. Mama mwenyewe alinipeleka. Alinifunga kifungo cha shingoni, akakifungua, akakifunga tena. Akaniambia nimsikilize Mwalimu. Asubuhi yote tuliimba na kuhesabu vijiti, tukanywa uji, nikaona shule si mbaya. Mchana tulipoachiwa nilikimbia nyumbani nimsimulie mama.

Nyumba ilikuwa imenyamaza. Sufuria kubwa haikuwepo, jembe halikuwepo, mkeka wetu haukuwepo. Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha, akaniambia, "Njoo ule." Kwetu ndivyo wanavyofanya, mtoto haagwi, anatorokwa, wanaamini mkiagana atalia zaidi. Nilikimbia mpaka barabarani. Kwenye tope nikaona alama ya tairi la baiskeli ya baba na pembeni yake nyayo za mama, zimeshaingia maji. Nililia mpaka sauti ikakauka, na Bibi na miguu yake ile mibovu akanifuata, akanibeba.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto. Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Sesilia kabla hata ya kuimba, nikasimama mbele yake, nikapandisha mkono juu ya kichwa na kuuacha utosini. "Mwalimu, angalia. Haufiki." Mwalimu akacheka. Nikamwonyesha na Bibi: "Bibi, haufiki tena." Nikamwonyesha katekista, nikamwonyesha mama mwenye kioski, nikawaonyesha hata wageni waliokuja kununua kuku. Watu walikufa kwa kicheko. Kijiji kizima kikawa kinaniita Haufiki, nikipita mtu anapandisha mkono kichwani na kuniuliza, "Vipi, leo?" Namjibu kwa moyo wote kwamba hata leo haufiki. Nilidhani nikipata mtu mzima mmoja tu wa kuniamini, nitapelekwa mbugani. Hakupatikana. Nakwambieni, hakuna kitu kinachochosha kama kuchekwa na watu wanaokupenda.

Baba alikuja mara mojamoja kuchukua unga. Nilimwonyesha na yeye. Alinibeba, akaniambia mto wa njiani umejaa, mama hawezi kuvuka na kichanga, nivumilie. Akaondoka tena nikiwa darasani.

Na baba alisema kweli, nilizoea. Hilo ndilo linaloniuma. Pindo la kanga ya Bibi likanitosha. Nikajua nyimbo zote, nikajua kusimama mstarini, nikajua kumsalimia mtu mzima akiingia darasani. Mwalimu Sesilia alitufundisha vizuri sana hapo: mnasimama wote, mikono ubavuni, macho mbele.

Mama alirudi wakati wa mavuno. Nilikuwa uani nacheza shule, mimi ni mwanafunzi na magunzi ni wenzangu, mara nikaona mwanamke ameingia, mweusi kwa jua, amekonda, ana mtoto anayejitahidi kushuka mgongoni. Akatua mzigo. Akanyoosha mikono yote miwili. Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikapaza sauti kama nilivyofundishwa:

"Shikamoo mgeni wetu!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakashangilia, eti mtoto ameelimika. Mama mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha, akaitikia: "Marahaba. Hujambo?" Nikamjibu sijambo. Akaniuliza shule ikoje, nikamjibu nzuri. Tukaongea hivyo, kwa adabu, jioni nzima. Usiku nikaenda kulala kwa Bibi, na hakuna aliyenilazimisha. Kwa miaka mingi kisa hiki kilisimuliwa kwetu kama kichekesho, na mimi mwenyewe nilikisimulia nikicheka, mpaka nilipojifungua Neema. Siku hiyo ndipo nilipokumbuka kwamba katika watu wote waliokuwa uani, mama peke yake hakucheka.

Juzi nilimpigia simu. Nilimweleza habari ya chekechea ya mtaa wa pili, na kwamba mimi na biashara yangu ya mchele natakiwa niende Mpimbwe, huko upande wa Kasansa, siku kadhaa kukusanya mzigo, na baba mtu anashinda kazini. Nikamuuliza, "Mama, wewe unaonaje, aanze?"



"Hilo mwanangu usiniulize," akasema. "Mimi niliamua mara moja tu, na hata hiyo sikuamua mimi. Mpaka leo sijui."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikiamini kwamba siku ile pale barazani walikuwepo watu wazima waliojua wanachofanya, na mtoto mmoja asiyejua. Kumbe tulikuwa sawa, sote hatukujua.

"Jioni akitoka shule," mama akaniuliza, "wewe utakuwepo nyumbani?"

Nilitaka kumjibu ndiyo.

"Siku nyingine, mama," nikasema. "Siku nyingine nitakuwepo, siku nyingine nitakuwa njiani."