Kikombe Nilichokiongezea Maji

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili pale Ikolo, nyumbani kwetu sisimizi waliogopwa kuliko nyoka. Bibi, mama yake baba, alishikilia neno moja: maziwa ya mzazi yakimwagika chini yakaliwa na sisimizi, titi linakauka. Yakibaki, yamwagwe ndani ya kisiki cha mgomba, kwenye majimaji. Cheka ukitaka. Sisi hatukucheka.

Mama alikuwa akishinda Busale kupalilia mpunga, na mdogo wangu Lusajo alikuwa na miezi minne. Alfajiri mama alikamua kwa mkono, akajaza kikombe cha bati, akakifunika na kukiweka ndani ya beseni la maji ili maziwa yasichache. Bibi ndiye aliyemnywesha kwa kijiko. Kazi yangu ilikuwa kuleta kikombe.

Siku hiyo nilikileta mbio, nikajikwaa kizingitini. Nusu ikaenda chini. Nilipokuwa bado nasugua goti, sisimizi wakaanza kuja. Niliogopa kofi, nikajazia maji ya mtungini. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu, hakuona kitu.

Mama aliporudi jioni alichungulia yaliyobaki kikombeni. Akaniangalia. Kisha akaenda kuyamwaga kwenye kisiki.

Kesho yake titi lake la kushoto lilikuwa jekundu, gumu kama embe bichi, naye anatetemeka kwa homa.

"Mama Tumpe, umeyamwaga wapi?" Bibi akafoka, akimwita kwa jina langu.

"Shambani, mama. Yalinizidi."

"Shambani! Gwe, wewe, sasa mtoto utamnyonyesha matope?"

Nilikuwa mlangoni. Moyoni nilijua ni mimi.

Titi lile lilipasuliwa zahanati, likatoka usaha, halikutoa maziwa tena. Lusajo akaanzishiwa uji wa mchele kabla ya wakati wake, akaharisha, shingo ikawa kama bua. Nililala nikisikiliza kama anapumua. Titi la kulia ndilo lililomponya, nalo lilichukua muda.

Leo nina wangu wa miezi mitano, na cherehani yangu Ipinda. Nakamua kwa pampu ya mkono nyuma ya pazia; mteja akiguna namwambia ni maziwa, si gongo. Mimi sipendi kuficha. Fundi akinifichia kosa kwenye pindo, nitamfokea mpaka duka la tatu wasikie. Nesi kanieleza kwamba titi huvimba likikaa kutwa nzima bila kukamuliwa, sisimizi hawahusiki. Nimemwelewa. Lakini lile la maji ya mtungini hakuna nesi wa kuniondolea.

Juzi mama alikuja kumwona mjukuu, akanikuta nasuuza pampu. Nikamwambia yote.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Rangi ya maziwa yangu mwenyewe nisiijue?"

"Sasa mbona ulisema ulimwaga shambani?"

"Titi lilikuwa linauma tangu juzi yake, mwanangu. Na wewe ulikuwa na miaka minane. Bibi yako angekuita mla-ndugu mpaka unaolewa."

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Mama alitukanwa mbele yangu, ana homa, na uongo wake ndio uliokuwa ukinibeba. Nikamwambia ndaga, asante ya kwetu.

Maji niliyosuuzia pampu yalikuwa bado mkononi, ndani ya bakuli. Nikatoka nje, nikayapeleka kwenye kisiki cha mgomba, nikayamwaga taratibu, tone lisianguke chini.